Mutoto Anabakia

Katuba, Jumapili jioni

Ngoie, mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa mafunzo ya kamera, na mimi nimefunga mlango wa atelye yangu ya useremala ili mtu asije kuniuliza habari ya kabati lake. Nimekaa kwenye meza ya kazi. Karatasi hizi nimezichana kutoka daftari ninaloandikia vipimo, kwa hiyo ukiona nyuma yake urefu na upana wa milango ya watu, usihangaike nayo.

Sitakuandikia juu ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kukaa na watu kazini. Tantine Odette amekwisha kukuambia hayo tangu Jumatano, mengine mara mbili, na dada yangu huyo anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo ambalo hata yeye halijui lote, na ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo ingawa tunakula meza moja kila siku. Nimechagua Kiswahili hiki cha shule, kile tulichofundishwa na masista, kwa sababu kile cha nyumbani sikiamini mdomoni mwangu. Mabaya yote niliyowahi kumwambia mtu, niliyasema kwa Kiswahili cha nyumbani.

Siku mlipoonyesha filamu yenu, uliniuliza swali njiani. Nilikujibu uongo. Leo nataka kulijibu, lakini acha kwanza nikusimulie siku ile ya kupiga picha jinsi nilivyoiona mimi, maana wewe ulikuwa nyuma ya kamera, na mwenye kushika kamera haoni kila kitu.

Ulipokuja kuniomba ua wetu na atelye kwa zoezi lenu, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Ulinieleza kwamba mmemaliza kujifunza kwenye ubao, na sasa kila kikundi kitatengeneza filamu moja fupi, tangu kuandika hadi kukata na kuunga picha. Ninyi watano mlikuwa mmeandika hadithi ya msichana anayeacha kushona ili ajifunze kamera, na baba yake anamfukuza nyumbani. Nilisema baba huyo ni mjinga. Ulicheka. Nilipenda kukuchekesha hivyo, mimi baba ambaye si mjinga.

Jumamosi mlikuja asubuhi. Kamera ilikuwa moja, na jioni ilitakiwa kurudi kituo cha mafunzo kwa sababu kesho yake ilikuwa zamu ya kikundi kingine. Trepie yenu ya kusimamishia kamera ilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, na mikrofoni mliifunga kwenye mpini wa ufagio. Shuka letu jeupe mlilitandaza juani ili mwanga urudi usoni mwa Rachel, aliyecheza yule msichana. Mlinikataza kupiga randa kwa sababu ya sauti. Mkamtuma mwenzenu mmoja kwa jirani kumwomba apunguze muziki, na jirani akakubali kwa sharti kwamba naye aonekane kwenye filamu akipita na kofia yake. Alipita mara tatu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya rundo la mbao, nakutazama umeinama kwenye kamera, jicho moja umelifumba, unawaambia wenzako wasogee, nao wanasogea. Nikajisemea: binti huyu nimemlea mimi peke yangu. Nilijisifu hivyo, kabisa, ndani ya moyo. Nakuandikia hilo ili ujue nilikuwa nimepanda wapi kabla ya kuanguka.

Saa sita yule mzee wa kikundi cha tamthilia cha parokia, aliyetakiwa kucheza baba, alipiga simu kusema amepata msiba. Mkakaa chini wote. Jua lilikuwa linakwenda na kamera haikuwa yenu. Ndipo encadreur wenu, mwalimu aliyewasimamia, Monsieur Kitenge, aliponitazama, na wengine wakanitazama pia, isipokuwa wewe. Wewe ulisema, ukiwa unafuta kioo cha kamera, "Papa hapana. Papa hajue kukasirika."

Hukusema kwa ubaya. Ulisema kama mtu anayesema baba yake hajui kuogelea. Kwako ilikuwa kweli, kwa sababu miaka yote unayoikumbuka sikukupigia kelele hata mara moja. Nilisimama nikasema nitajaribu. Nadhani nilitaka kukuonyesha kwamba naweza. Unaona hata hapo palikuwa na majivuno.

Mara ya kwanza nilicheka katikati. Mara ya pili nilisema maneno yote ya senario bila kukosea, kama mtoto anayesoma katekisimu: kama unakataa kushona, nyumba hii si yako tena. Rachel alijitahidi asicheke. Monsieur Kitenge akaja akaniwekea mkono begani.

"Papa, hapana kucheza," aliniambia. "Ukumbuke siku moya ulikasirika ya kweli. Useme vile ulisema ile siku."

Hakujua anaomba nini. Na mimi sikuhitaji kuitafuta siku hiyo, ilikuwa pale pale mlangoni. Mliposema tayari, nilichukua mfuko wa Rachel, nikautoa nje ya kizingiti. Sikuurusha kama senario ilivyotaka. Niliuweka chini taratibu, ukasimama wima, kama unavyoweka kitu cha mgeni. Nikageuka nikamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Kamata bile ulikuya nabyo, uende. Mutoto anabakia."

Kamera iliendelea kupiga picha. Rachel alikuwa anatokwa na machozi, na hayakuwa ya mchezo. Kisha Monsieur Kitenge akapiga makofi, akasema hiyo ndiyo, hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta tangu asubuhi. Rachel akajifuta uso kwa mkono, akaniuliza huku akicheka, "Lakini Papa, mutoto gani? Mutoto ni miye." Wote wakacheka. Mimi nikacheka pamoja nao, nikasema nimekosea, ni uzee. Wewe hukuinua jicho kwenye kamera.

Nilidhani imekwisha. Sikujua kwamba picha moja haitoshi. Ulinieleza, kwa sauti ile ya kazi isiyokuwa na baba wala mtoto, kwamba mnahitaji tena kutoka mbali, kisha kutoka upande wa Rachel, kisha uso wangu kwa karibu, kisha mkono wangu na mfuko, na kwamba kila mara niseme na kufanya sawasawa vilevile, la sivyo picha hazitaungana. Monsieur Kitenge aliongeza kwamba ile sentensi ya mwisho isiyoeleweka mtaikata wakati wa montaji, mtakapounga picha, lakini niirudie tu ili mdomo ufuatane. Basi niliirudia. Nilimfukuza mara tano siku ile, Ngoie. Mara ya pili nilikawia kuuachia mfuko. Mara ya tatu nilitaka kuwaambia imetosha. Mara ya nne nilikuwa nakumbuka kugeuza bega upande wa mwanga. Mara ya tano haikuniuma hata kidogo, na nilijua hivyo nikiwa bado nasema. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu ndivyo nilivyoishi miaka kumi na saba. Kitu nilichokifanya mara moja kwa hasira, nilikirudia kila siku kwa kukaa kimya, hadi kikawa hakiumi.

Kisha yakaja majuma yenu ya montaji. Uliazima kompyuta ya kituo, ukaiweka sebuleni, ukafanya kazi kila ulipopatikana umeme. Kisikizi chako cha masikioni kilikuwa kimeharibika upande mmoja, kwa hiyo ulisikiliza kwa spika. Kati ya sebule na atelye kuna ukuta wa tofali moja tu. Nilikuwa napiga msasa mbao za kitanda cha mtu, nasikia sauti yangu. Kamata bile ulikuya nabyo. Inasimama. Inarudi. Kamata bile ulikuya nabyo. Mutoto anabakia. Inasimama. Inarudi kwa kipande tu, toto anabakia, toto anabakia, kwa sababu ulikuwa unatafuta mahali pa kukata. Sijui uliisikia mara ngapi. Nilifikiri utachoka nayo, itakuwa sauti tu, kama mimi nilivyochoka. Kumbe wewe ulikuwa unasikiliza.

Rachel aliniambia baadaye, alipoturudishia lile shuka letu. Alisema wenzako wote walitaka ile sentensi ikatwe kwa sababu haina maana kwenye hadithi, na Monsieur Kitenge mwenyewe alisema ikatwe, na wewe ulikataa. Walikuuliza sababu ukasema tu kwamba mtu hawezi kuisema vile kama si ya kweli. Rachel alinisimulia hayo kama sifa kwangu. Alisema, Papa, Ngoie anakuheshimu sana.

Siku ya kuonyesha, ukumbi wa parokia ulijaa. Nilivaa suti. Filamu ya kikundi chenu ilikuwa ya tatu, na nilipoiona sikuiona hadithi, niliuona mlango wetu tu. Nilikuwa mkubwa kwenye ule ukuta mweupe, uso wangu umejaa kuanzia pembe hii hadi pembe ile, na umetulia. Sikujua kwamba nilikuwa nimetulia hivyo. Miaka yote nilijidanganya kwamba siku ile nilikuwa kama mtu aliyepandwa na wazimu. Kamera yako ilinionyesha mtu mwenye akili zake, anayeweka mfuko chini vizuri ili usianguke. Taa zilipowaka watu walipiga makofi. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba Papa seremala iko acteur, mwigizaji kabisa, na Monsieur Kitenge akaniita nisimame. Nilisimama. Halafu, mwanangu, niliinama. Niliweka mkono kifuani nikawainamia watu, upande huu na upande ule, kama askofu. Walinipigia makofi kwa dhambi yangu, nami nikayapokea.

Kati ya yote nitakayokuandikia hapa, yapo makubwa kuliko hilo. Lakini hilo ndilo linaloniamsha.

Tulirudi kwa miguu, wewe na mimi. Ulikuwa umebeba trepie begani. Tulipopita lile duka la unga ulisimama, ukahamisha trepie bega la pili, ukaniuliza bila kunitazama, "Papa, mutoto gani?"

Nikasema, "Ni cinéma tu, Ngoie."

Tulifika nyumbani, ukasonga bukari, ukaniwekea maji ya kunawa kama kila siku.

Mtoto ni wewe. Najua umekwisha kupata hayo kwa Tantine Odette, kwa sababu juma lile lile ulienda kwake, ukarudi na macho mekundu na namba ya simu ya mama yako. Lakini Odette alikuwa hayupo siku yenyewe, na mengine sikumwambia hata yeye. Basi sikiliza kwangu.

Ulikuwa na miaka minne. Kazi ilikuwa imekufa mkononi mwangu, watu walinunua viti vya plastiki, mbao zilikaa hadi zikapinda. Mama yako hakulalamika. Alijiunga na wanawake waliokuwa wanaenda Kasenga kuleta samaki wa mto Luapula, akawa analala huko siku mbili, tatu, anarudi na vikapu, anauza, anaenda tena. Tulikula kwa mikono yake. Mwanamume mwingine angemshukuru. Mimi nilikula nikitazama sahani, na kila tonge lilinifanya mdogo. Akiingia na harufu ya samaki, nilifungua dirisha bila kusema kitu, ili aone kwamba nimelifungua. Nilikuwa mtu wa vitu vidogo kama hivyo.

Safari moja alikawia siku tano. Simu hatukuwa nayo. Mahali nilipokuwa nakunywa, mtu mmoja alisema ameonekana ng'ambo, upande wa Zambia, na mwanamume mwenye mtumbwi. Alisema huku akicheka na kugeukia mambo mengine. Nilimwamini papo hapo. Nimejiuliza sana kwa nini niliamini upesi namna ile, na jibu si zuri. Uongo ule ulinifaa. Ni rahisi kuishi na mke mwenye kosa kuliko mke anayekulisha.

Alirudi mchana, kwa miguu kutoka kituo cha malori, vumbi hadi kwenye kope. Sanduku lake lilikuwa nje ya kizingiti tangu asubuhi. Alilitazama, akanitazama mimi.

"Hata kuniuliza, Baba Ngoie?" alisema.

Nikamwambia yale maneno uliyoyasikia, kwamba achukue alivyokuja navyo aende, mtoto anabakia. Wewe ulikuwa ndani, umelala usingizi wa mchana. Alitaka kupita akuone tu, na mimi nikasimama mlangoni nikaujaza kwa mwili wangu. Mlango ule niliutengeneza kwa mikono yangu mwezi tulipofunga ndoa. Alingoja pale uani, hakuinua sauti kwa kuogopa kukuamsha. Kisha akachukua sanduku, akaenda. Ulipoamka uliniuliza Mama yuko wapi, nikakuambia ametuacha. Nilikuambia hivyo mara nyingi hata wewe ukaanza kuwaambia wengine, na ulipokuwa unasema, nilikuwa nakutazama kwa huruma, kama kwamba mimi na wewe tuliumizwa na mtu mmoja.

Hayo ni ya hasira. Sasa ya pili, ambayo hadi juma hili hakuna aliyeyajua.

Mwaka mmoja na kidogo baadaye, alikuja mteja kuagiza mlango. Alikuwa dereva wa lori wa barabara ya Kasenga. Nilikuwa namwandikia urefu wa fremu kwenye karatasi, yeye anazungumza tu, na akaniambia kwamba barabara ile inaua watu, kwamba mwaka uliopita alivunjikiwa ekseli akalala porini siku tano pamoja na wanawake wa samaki, na samaki wote wakaoza. Akasema bibi mmoja wa Katuba ndiye aliyewapikia siku zote hizo, alikuwa mcheshi, lakini kila jioni alikuwa anasema atakuta mtoto wake amemsahau. Akanitajia jina analoitwa. Mama Ngoie.

Niliendelea kuandika vipimo. Mkono wangu uliandika vizuri. Nilimtengenezea mlango wake, akaja akauchukua, akasifu bawaba.

Siku ile ningeweza kupanda lori lake. Alikuwa anaondoka kesho yake, ningekaa mbele karibu naye. Mama yako alikuwa bado hana mume mwingine, na nilijua nyumba ya ndugu yake kule Kasenga alikofikia. Sikwenda. Nilijiambia nitaenda mvua zikiisha. Kisha nilijiambia umeanza shule, usivurugwe. Ukweli ni kwamba kumrudisha kulitaka nisimame mbele ya watu wa mtaa na kusema nilikosea, na mimi niliona afadhali wewe ukose mama kuliko mimi nikose heshima. Niliyapima hayo mawili, Ngoie, mimi fundi wa kupima, nikachagua. Sikuwa mlevi siku hiyo, wala sikuwa na hasira. Ndiyo maana nakuambia kosa kubwa si lile lililo kwenye filamu.

Na la tatu ni gauni lako la komunyo. Ulikuwa na miaka tisa. Juma la mwisho kabla ya komunyo ulikimbia kuja atelye kuniambia kuna mama mmoja kwenye lango. Hukumtambua. Nilitoka nikamkuta amesimama na kifurushi, amekonda kidogo, anakutazama kwa nyuma yangu unavyorudi kucheza. Aliniuliza kama anaweza kukaa kanisani, nyuma kabisa, bila kusema na mtu. Nilimwambia si vizuri. Akanipa kifurushi akasema, basi avae. Nilikupa gauni lile jeupe nikakuambia nimekununulia. Ulinirukia shingoni. Ulinishukuru tena asubuhi ya komunyo, na tena mlipopiga picha. Hadi leo, mtu akiitazama ile picha ukutani, unasema, Papa ndiye alininunulia. Kila ulipolisema, nilitabasamu. Mama yako alikuja kanisani hata hivyo. Nilimwona nyuma ya nguzo wakati wa kurudi kutoka kupokea. Nilikushika mkono wako nikakupitisha upande mwingine.

Nimeandika hadi hapa na naona nimechoka kama nimebeba mbao.

Sina mafundisho mengi ya kukupa, mwanangu, na nani atayapokea kutoka kwangu. Lipo moja tu ambalo nimelinunua mwenyewe. Huko Kasenga unakokwenda, kwenye ile televisheni ndogo iliyokupa kazi, watakuletea picha za watu usiowajua uzikate na kuziunga. Siku moja utakutana na kipande kinachokufaa, kinachosema sawasawa kile ulichotaka kukisikia, na moyo wako utapumzika. Hapo simama. Mpigie mwenye uso ule, muulize. Mimi nilisikia kipande cha sekunde chache kwenye kilabu, kikanifaa, nikajengea juu yake nyumba nzima nikakuweka ndani.

Nakushukuru kwamba hukuikata ile sentensi. Sijui ulikuwa unanisaidia au unanishtaki. Sidhani nina haki ya kuuliza. Najua tu kwamba watu wote waliokuwa pale, hata mwalimu, waliisikia kama kosa, na wewe ukaisikia kama neno la mtu.

Uliponiambia unaondoka, ulisema mezani, kwa upole, sentensi tatu: "Papa, ninaenda Kasenga. Kuko kazi ya montaji. Na kuko Mama." Nilisema ni muzuri, nikaomba chumvi. Nilitaka kusema haya yote pale pale. Niliomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Nilifikiri kwanza kuificha barua hii kati ya nguo zako, uikute huko, mimi nikiwa mbali. Nimeacha wazo hilo. Nimekwisha kujificha vya kutosha. Kesho nitakupa mkononi kabla hatujatoka, utasoma ukiwa umekaa kwenye benchi pale nje, nami nitakuwa humu ndani. Ukitaka nikusindikize hadi kwenye lori, utaniita. Ukitaka kuondoka bila mimi, ondoka, mtoto wa jirani atakubebea sanduku, nimekwisha kumwambia awe karibu. Sitakasirika, na safari hii huo ndio ukweli.

Na kuna jambo moja hujaambiwa na mtu. Alhamisi nilimpigia simu mama yako. Namba niliomba kwa Odette, akanipa bila kuuliza. Nilipiga nikiwa nimesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu. Alipopokea nilisema ni mimi, na nyuma yake nilikuwa nasikia kuku na watu wanaoitana. Nilimwambia habari ya dereva wa lori. Nilimwambia kwamba nilijua tangu mwaka ule, kwamba nilijua nilipochukua gauni mkononi mwake pale langoni. Nilikuwa nimejitayarisha anitukane. Nadhani nilitamani anitukane.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema hayo tutayaongea siku nyingine, kama nitakuwa na nguvu ya kufika. Kisha akaniuliza jambo moja, na sauti yake ilikuwa na haya, kama ya mgeni anayeomba asichostahili.

"Ngoie anakulaka nini?"

Nilikaa chini. Mama yako, Ngoie, hajui unakula nini. Nilimwambia unapenda mboga ya sombe yenye karanga nyingi. Nilimwambia bukari unataka iwe laini, na ya muhogo hupendi. Kwamba asubuhi huwezi kula kitu hadi saa nne, wasikulazimishe. Kwamba pilipili unaiweka pembeni ya sahani wala huichanganyi. Kwamba ukiugua unataka ndizi za kuchemsha na chai isiyo na sukari. Yeye alikuwa anarudia kila neno nyuma yangu, polepole, na mwanzoni sikuelewa kwa nini. Kisha nikasikia anamwomba mtu karatasi nyingine, nikaelewa kwamba anaandika.

Nikapunguza mwendo ili aweze kunifuata.

Papa